Baba Simon Kimbangu: Mutu Aliyemuogopa Muumba Peke Yake



Katika kurasa hizi tunaleta habari za maisha ya Baba Simon Kimbangu. Jina lake tunalijua sisi wote wa makanisa ya kinabii, lakini kuna vijana wengi wanaofikiri kwamba habari zake ni za Bas-Congo tu, hazituhusu sisi wa Katanga. Sivyo. Miaka thelathini alikaa gerezani katika muji wetu huu wa Lubumbashi, wakati ulipoitwa Elisabethville, na hapa alikufa.

Kuna sababu ya pili. Kila siku ya yenga tunasimama na kukiri kwamba Mungu ni wa milele, hana mwanzo wala mwisho, na kwamba yeye peke yake aliumba mbingu na dunia na vyote vilivyomo. Tunalisema haraka, sawa mutu anayesalimia jirani akipita njiani. Tuangalie basi maisha ya mutu mumoja aliyelichukua neno hilo kuwa kweli mpaka mwisho, na tuone lilimufikisha wapi.

Alizaliwa Nkamba, kijiji cha Wakongo karibu na Thysville, muji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu. Kanisa lililotoka katika kazi yake linahesabu kwamba ilikuwa mwaka 1887. Wengine wanasema 1889. Baba yake aliitwa Kuyela, mama yake Luezi. Mama alikufa mapema, na mutoto akalelewa na Mama Kinzembo, ndugu wa mama yake. Katika jamaa inasimuliwa kwamba Kinzembo alimusaidia mumisionere mumoja Mwingereza aliyekuwa akifukuzwa na watu, na yule mumisionere akamuombea mutoto baraka. Mutoto akakua, akasoma kidogo kwenye misioni ya Wabatisti ya Ngombe-Lutete. Tarehe 4 mwezi wa saba 1915 alibatizwa pamoja na muke wake, Mama Mwilu Marie. Mungu aliwapa wana watatu: Kisolokele, Dialungana na Diangienda.

Tusifikiri kwamba watu wa Nkamba hawakumujua Mungu mbele ya misioni kufika. Walimuita Nzambi a Mpungu, maana yake Mungu Mukuu kupita vyote. Mufalme wa Kongo alibatizwa mwaka 1491, na katekismo ya Kikongo iliyochapishwa mwaka 1624 ilitumia jina hilo hilo. Agano Jipya la Kikongo lililotoka mwaka 1893, kazi ya mumisionere Bentley na ndugu Nlemvo, lilimuita vilevile Nzambi. Ni sawa na huku kwetu: wazee wetu walisema Leza, wengine Vidye Mukulu, na Walunda pia wanasema Nzambi. Hakuna muzungu aliyetuletea Muumba katika sanduku. Alikuwa hapa tangu mbele ya wazee wa wazee wetu kuwa watu.

Lakini wazee walimuona kuwa mbali. Walimujua kuwa ndiye aliyefanya vitu vyote, kiisha wakafikiri ameviacha. Basi kwa shida za kila siku waliendea vitu vya karibu. Kwa Wakongo ilikuwa minkisi: sanamu za muti zilizopigwa misumari, mifuko yenye udongo, mifupa na majani, kila moja kwa kazi yake. Hii ya kulinda shamba, hii ya uzazi, hii ya kumujua mulozi, hii ya kuua. Muganga aliifunga na kuifungua, na mutu aliyeinunua alirudi nyumbani na woga zaidi kuliko ule aliotoka nao, maana sasa alipaswa kuogopa na ile sanamu pia. Isaya sura ya 44 inamusema mutu wa namna hiyo: anakata muti musituni, nusu anapikia chakula na kuota moto, nusu inayobaki anaichonga, kiisha anaipigia magoti aiombe imuokoe. Nabii anashangaa kwamba hata siku moja mutu yule hajiulizi kama majivu ya jikoni na mungu wake si ya muti mumoja.

Ndugu, tusicheke watu wa zamani. Hapa kwetu Kenya, Katuba na Ruashi kuna Wakristo waliobatizwa wanaoficha bwanga chini ya mulango. Kuna wachimbaji wanaoshuka katika shimo la madini na dawa kiunoni. Na jambo baya kuliko yote, kuna watoto wanaofukuzwa nyumbani kwa sababu mutu amesema ni walozi. Mutu anayeamini kwamba Mungu aliumba vyote, namna gani anamuogopa mutoto wa miaka saba?

Turudi Nkamba. Mwaka 1918, wakati ugonjwa mukubwa wa mafua ulipozunguka dunia nzima na kuua watu wengi katika Kongo, Simon Kimbangu alianza kusikia sauti ikimuita awachunge watu wa Kristo. Alikataa. Alijibu kwamba yeye hakusoma sana, na kwamba kuna wapasteri na wamisionere wenye elimu, waitwe wao. Sauti ilirudi tena na tena, naye akaona njia moja: kukimbia. Alikwenda Kinshasa kutafuta kazi, akafanya kazi kwenye kompani ya mafuta ya ngazi. Lakini Yona naye alipanda mashua, na tunajua alifika wapi. Simon akarudi kijijini kulima shamba lake.

Siku ya tatu ya juma, tarehe 6 mwezi wa ine 1921, alikuwa akipita katika kijiji cha Ngombe-Kinsuka. Mule ndani ya nyumba moja alilala mwanamuke mugonjwa sana, jina lake Kiantondo. Simon hakutaka kuingia, lakini alijisikia akisukumwa na nguvu isiyo yake. Aliingia, akamuwekea mikono, akaomba katika jina la Yesu, na mwanamuke akasimama. Hakutumia bwanga wala udongo. Hakumutafuta mulozi wa kumushitaki. Kwa watu wa wakati ule, jambo hilo la mwisho lilikuwa ajabu sawa na kupona kwenyewe, kwa sababu kila ugonjwa ulikuwa na mutu wa kulaumiwa. Simon alimuendea moja kwa moja yeye aliyeufanya mwili ule, bila kupita kwa muganga.

Habari zikatoka kijiji kwa kijiji. Katika majuma machache maelfu ya watu walikuwa njiani kwenda Nkamba, wengine kwa miguu siku nyingi, wengine kwa gari la moshi, wakichukua wagonjwa juu ya machela. Nkamba ikaitwa Yerusalema Mupya. Na nabii hakuponyesha tu, alifundisha. Mafundisho yake yalikuwa mafupi: Mungu ni mumoja, aliyeumba vyote, tupeni minkisi, acheni ngoma na michezo michafu, mume awe na muke mumoja. Na watu walitii. Wamisionere walikuwa wamehubiri juu ya sanamu zile zaidi ya miaka arobaini wakipata mutu huyu na yule; sasa sanamu zilirundikwa kando ya njia na waliozitupa ni wenyewe. Vitabu vya nyimbo na Biblia vilinunuliwa kwa wingi kwenye misioni. Mutu aliyetupa mulinzi wake wa uongo anatafuta kujua habari za mulinzi wa kweli.

Kuna jambo moja tunapaswa kulisema wazi. Wakati ule wagonjwa wengi walitoka katika hospitali na kukimbilia Nkamba. Ndugu asisome habari hizi akaacha dawa za hospitali. Aliyeumba mukono wa nabii ndiye aliyeumba majani na vitu vyote vinavyotolewa dawa, na akili ya daktari ni yake pia. Kanisa lililotoka katika kazi ya Baba Simon lenyewe lilijenga hospitali na shule.

Watu waliacha pia kazi ya mashamba ya Wazungu, na hapo serikali, Bula Matari kama watu walivyoiita, ikaanza kuangalia. Administrata wa Thysville, Léon Morel, alifika Nkamba tarehe 11 mwezi wa tano. Aliona makutano, akasikia nyimbo na maombi. Akaandika kwa wakubwa wake kwamba mutu huyu anataka kufanya dini inayopatana na akili ya Waafrika, na kwamba ni hatari. Kwa maoni yangu Morel alielewa nusu. Simon hakuleta mungu mupya wa Waafrika. Alisoma Mwanzo sura ya kwanza na kuiamini. Lakini kuhusu hatari, Morel hakukosea. Ikiwa Mungu mumoja alimufanya mutu mweusi na mutu mweupe kwa udongo mumoja, fimbo ya kazi ya nguvu inapata wapi haki yake? Ikiwa inchi na vyote viijazavyo ni vya Bwana, Bula Matari ni nani? Ni kiumbe, naye ana mwanzo, basi atakuwa na mwisho. Simon hakupiga mutu, hakushika bunduki. Ilitosha kwamba watu waliacha kuogopa.

Tarehe 6 mwezi wa sita Morel alirudi na askari kumukamata. Kulikuwa na fujo, risasi zilipigwa, na Simon akaponyoka. Miezi mitatu alihubiri kwa siri katika vijiji, na hakuna aliyemutoa. Kiisha alifanya kama Bwana wake: alirudi Nkamba mwenyewe, na tarehe 12 mwezi wa tisa 1921 akakamatwa pale bila kupigana. Tuhesabu, ndugu: tangu kupona kwa Kiantondo mpaka minyororo, ni miezi mitano na siku sita tu.

Walimupeleka Thysville mbele ya mahakama ya askari iliyosimamiwa na komanda de Rossi. Hakupewa mutu wa kumutetea. Walimushitaki kwamba amevunja amani ya inchi na usalama wa serikali. Yeye alikubali kwamba Kristo amemutuma kuhubiri wokovu, na alikataa kwamba amewachochea watu kupigana. Tarehe 3 mwezi wa kumi ilitoka hukumu: viboko 120, kisha kifo. Wasaidizi wake wengi walipewa kifungo, wengine cha maisha. Wamisionere wa Kibatisti, ambao hawakukubaliana naye kwa yote, waliandika kuomba huruma, na Mufalme Albert wa Ubeleji akabadilisha hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Wakamuleta huku kwetu Katanga, mbali na Nkamba zaidi ya kilomita 1,500, mahali ambapo watu hawakusema lugha yake.

Tuufikirie kidogo muji huo aliofungwa ndani yake. Elisabethville ilianzishwa mwaka 1910 juu ya shaba. Tanuru la Union Minière liliwaka tangu 1911, na moshi wake ulionekana kutoka kila upande. Watu walisema shaba ya Union Minière, baadaye wakasema shaba ya Gécamines. Lakini mbele ya kompani ile kuanzishwa mwaka 1906, wazee wetu walikuwa wakiyeyusha mawe ya kijani na kumimina misalaba ya shaba iliyouzwa inchi za mbali. Na mbele ya wazee, shaba ilikuwa ndani ya udongo, na hakuna mutu aliyeiweka. Kompani inachimba, muyeyushaji anayeyusha, sonara anapiga nyundo. Hakuna hata mumoja wao anayeumba. Wote wanaanza na kitu walichokikuta. Mungu peke yake alianza bila kitu. Ndivyo inavyofundisha Waebrania 11, na Yohana 1 inasema kwamba alifanya vyote kwa Neno lake. Mahali pa shaba nyingi namna hii, tungepaswa kulielewa fundisho hilo kuliko watu wengine wote.

Ndani ya kuta za gereza la muji huo Baba Simon alikaa tangu 1921. Inje, inchi ilipita mbele yake bila yeye. Mufalme aliyemupunguzia hukumu alikufa mwaka 1934. Mwezi wa kumi na mbili 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma kwa ajili ya mushahara, na askari wakawapiga risasi hapa Elisabethville. Watu wengi walikufa. Vita vya dunia viliisha. Wafungwa wengine waliingia na kutoka. Yeye hakutoka.

Bula Matari alifikiri kwamba ukimutoa nabii, kazi inaisha. Aliwakamata waamini na kuwatawanya katika inchi nzima, kwenye makambi kama Lowa na Ekafera. Jamaa nzima zilipakizwa katika mashua, wazee na watoto wachanga, na wengi hawakuona tena vijiji vyao. Lakini mutu anayepelekwa mbali anakwenda na imani yake. Kule walikotupwa waliomba, na watu wa makabila mengine wakaomba pamoja nao. Habari zilizokuwa za Wakongo peke yao zikafika katika majimbo mengi kwa mashua na chakula cha serikali.

Na kule Nkamba alibaki Mama Mwilu. Ndugu wanawake, jina hili mulishike. Alikaa chini ya macho ya askari, mume wake akiwa gerezani, na mwana wake mukubwa Kisolokele alichukuliwa kupelekwa shule ya serikali huko Boma. Katika hali hiyo aliwaongoza waamini kwa siri zaidi ya miaka thelathini, akiwatia moyo, akipokea wajumbe usiku, akiwaombea watu. Kama asingekuwa yeye, pengine leo tungekuwa tukisoma habari za Simon Kimbangu katika karatasi za Wabeleji tu.

Siku ya tano ya juma, tarehe 12 mwezi wa kumi 1951, Baba Simon alikufa Elisabethville. Kutoka mwaka 1921 ilikuwa imetimia miaka thelathini. Alizikwa katika udongo wa muji huu.

Hapa tunafika kwenye jambo gumu, na hatutaliruka. Mbele ya kifo chake na nyuma yake kulikuwa na waamini waliomuinua nabii juu sana, mpaka kumuweka mahali ambapo Wakristo wengine wanasema hapawezi kukaa mutu aliyezaliwa na mwanamuke. Jambo hilo lilileta mabishano makubwa kati ya makanisa, na hatutaki kumutukana mutu yeyote hapa. Lakini tukiangalia maisha yake mwenyewe, tunaona mutu aliyekimbia cheo mpaka Kinshasa, aliyeomba kwa jina la Yesu na si kwa jina lake, na aliyewaambia watu watupe kila kiumbe walichokipigia magoti. Katika Matendo sura ya 14, watu wa Lustra walitaka kuwachinjia Paulo na Barnaba ngombe kwa sababu walimuponyesha kiwete. Mitume walipasua nguo zao kwa uchungu, wakawaambia watu wamugeukie Mungu aliye hai aliyeumba mbingu na inchi na bahari. Katika makanisa yetu ya kinabii, je, wako wangapi wanaopasua nguo? Tunaona watumishi wanaoitika wanaposifiwa kama wao ndio waliompa mugonjwa uzima. Tunaona mafuta, maji na vitambaa vya nabii vinavyouzwa kwa franka, na waamini wanavificha chini ya mulango, pale pale bwanga lilipokuwa. Nabii aliyetumwa kweli ni kama dirisha: anayesimama mbele yake anaona inje, haangalii kioo.

Mama Mwilu aliona kanisa likikaribia kutoka gizani, lakini hakufika siku ile. Alikufa tarehe 27 mwezi wa ine 1959. Tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule, serikali ya Wabeleji ilikubali kwa sheria kanisa waliloliwinda tangu 1921, likiongozwa na mwana mudogo, Joseph Diangienda. Mwaka 1969 likapokelewa katika Baraza la Makanisa la Dunia.

Mwaka 1960, miezi michache mbele ya uhuru, kaburi la hapa Elisabethville lilifunguliwa. Mifupa ya Baba Simon ikasafirishwa njia ile ndefu aliyoletwa nayo akiwa amefungwa, na ikawekwa Nkamba mwezi wa ine. Bula Matari alibakiza siku zisizofika mia moja. Na tangu mwaka 2023 tarehe 6 mwezi wa ine, siku ya kupona kwa Kiantondo, ni sikukuu ya taifa katika inchi yetu: siku ile kazi inasimama, na ofisi za serikali zinafungwa, na mahakama pia.